Ukuta wa Daktari wa Meno

Jumamosi ile nilitangulia kupanda ngazi, nikafungua mlango wa juu, na kabla sijatua ndoo nikaona kwamba ukuta umekauka na ni wa buluu. Si buluu ya kukisia. Ilikuwa buluu kabisa, kama shati la shule lililofuliwa mara nyingi. Saa ilikuwa moja na dakika chache asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa anakuja saa tano kuukagua, na alichoagiza ni nyeupe.

Nyuma yangu wifi alikuwa anapanda polepole, anapapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga. Alifika, akaweka mikono kiunoni, akautazama ukuta kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, akatabasamu.

"Wifi, umeona nyeupe hiyo?" akasema. "Nani mwingine anakupa nyeupe kama hiyo?"

Nilijifanya natafuta mahali pa kuweka ndoo.

Huyu wifi yangu ni dada wa mume wangu, na katika kazi yetu ya kupaka rangi wanamwita Jicho. Jina hilo alilipata zamani, akiwa mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na wawili. Mtu mmoja alileta kifungo cha koti, akasema anataka chumba kizima kiwe rangi ya kifungo kile. Mafundi wakacheka. Wifi akakigeuzageuza kifungo dirishani, akachanganya ndoo moja tu, akapaka, na yule mtu alipokuja alikibandika kifungo ukutani kikapotea. Tangu siku hiyo wanaume wakibishania rangi walikuwa wanamwita yeye aje kuamua. Alikuwa na uwezo wa kuziba tundu kwenye ukuta uliopakwa miaka saba iliyopita, ukaja na tochi kukitafuta kiraka usikione.

Mimi nilipoolewa kwenye ukoo wao alinipa msasa siku ya nne na kuniambia nianze na milango. Ni miaka kumi na minane sasa. Ni mkali, ana kichwa kigumu, na neno "samahani" sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Kwa utani wa mawifi hana mpinzani. "Mkono wako si mbaya, wifi," huniambia mbele za watu, "ila hayo macho uliazima kwa nani?" Watu wanaangua kicheko, na mimi nacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na saba ilikuwa kweli.

Jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha uzi. Lina umri wa miaka mia na ushei, na waliolinunua waliligawa likawa nyumba za kuishi, kwa sharti la wale wanaolinda majengo ya zamani kwamba matofali, nguzo na madirisha visiguswe. Sisi tulipewa nyumba ya juu kabisa, chini ya paa. Chumba ni kimoja kirefu, hakina ukuta wa kati. Madirisha ya chuma yanapanda kutoka kiunoni mpaka juu ambako hata ngazi yetu ndefu haifiki, na kwenye paa kuna madirisha mengine manne. Nguzo za chuma bado zina namba za mashine zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Mwanadada aliyebuni mpangilio wa ndani, ambaye sisi tulimwita Mbunifu, aliacha vyote hivyo kama vilivyo. Jiko akaliweka upande mmoja, na meza yake ameitengeneza kwa mbao za sakafu ya zamani. Kitanda akakipandisha kwenye jukwaa lenye ngazi ya chuma. Upande wa pili hakuna dirisha hata moja, kuna ukuta tu, mita kumi na mbili. "Ukuta huu ndio taa ya nyumba," alituambia. "Mwanga ukiingia upige hapa, urudi chumbani. Ukiharibika huu, nimebaki na ghala."

Ilikuwa kazi yake ya kwanza aliyopewa peke yake, na tulimwona jinsi anavyotafuna vifuniko vya kalamu.

Sharti jingine lilikuwa chokaa. Rangi za dukani haziruhusiwi juu ya matofali yale kwa sababu zinayaziba yasipumue, kwa hiyo hakuna mashine ya kukuchanganyia wala kopo lenye namba. Ni chokaa, maji, na jicho. Ndiyo maana walimtafuta yeye.

Halafu kuna mwenye nyumba, mwanamama daktari wa meno. Wateja wengine huleta kitambaa au ukurasa waliouchana gazetini. Huyu alileta jino. Jino la kauri, la mbele, akaliweka kwenye kiganja cha wifi. "Nyeupe ninayotaka ni hii," akasema. "Nyeupe zipo nyingi, na mimi kutwa nzima nazitofautisha midomoni mwa watu. Msinifiche kitu, nitaona." Wifi alilitia jino kwenye kiberiti kitupu na kuliweka mfukoni. Alifurahi. Alisema hatimaye amepata mteja anayejua kutazama.

Sasa niseme kuhusu buluu, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Kila fundi wa chokaa anajua kwamba chokaa peke yake ikikauka huwa na umanjano. Basi unatia buluu ya kufulia, ile ya vidonge, kiasi kidogo tu kwa ndoo, na umanjano unakufa. Ukizidisha kidogo unapata ukuta wa zahanati. Kipimo hakijaandikwa popote. Unakoroga, unapaka kwenye kipande cha kigae, unakikausha juani, unatazama.

Miezi minane nyuma, kwenye nyumba ya mwalimu mkuu mmoja, nilimwona wifi anatia kidonge cha pili, anatazama kigae, anatikisa kichwa, anatia cha tatu. "Chokaa ya siku hizi ina umanjano wa ajabu," alilalamika. Nikakitazama kigae. Kilikuwa na buluu tayari. Alipokwenda kunywa chai nilichota udongo wa manjano kwenye mzigo wetu, nikautia ndani ya ndoo kidogo kidogo mpaka buluu ikatulia. Aliporudi alipaka, mwalimu mkuu akasifu, na mimi nikanyamaza. Nilijiambia ni siku moja tu. Baada ya hapo nilikuwa natembea na kopo dogo la udongo huo mkobani, chini ya kitambaa changu cha kichwa, na kila ndoo nyeupe aliyoichanganya nilikuwa naipitia kwa siri. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi minane mizima. Kuna aliyenizuia kusema? Hakuna. Niliogopa tu. Sikuwa na moyo wa kumwambia mtu anayeitwa Jicho kwamba haoni.

Na kuna jambo baya zaidi. Miezi mitano iliyopita nilikwenda kumuuguza mama yangu wiki mbili. Niliporudi nilikuta wifi amepaka sebule yake mwenyewe, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu waihamie nyumba ile. Alinisimamisha mlangoni akaniuliza naionaje. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kochi na redio yake, akanitazama kwa macho ya kuomba, akasema, "Inapendeza, au sio shemeji?" Nikasema inapendeza. Sebule ilikuwa ya buluu kutoka sakafuni mpaka darini.

Mjukuu wao wa miaka minne, tunayemwita Pilipili kwa jinsi asivyotulia, anashinda pale kila siku akitoka chekechea. Mwezi uliopita mwalimu wake alituma ujumbe kwamba mtoto ana akili ila anachanganya rangi, akionyeshwa buluu anasema nyeupe. Wifi aliusoma kwa sauti, akaipeleka simu mbali kidogo ili aone herufi, akasema, "Mwalimu huyu ndiye wa kupimwa macho." Tukacheka wote sebuleni. Nami nilicheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Ijumaa, siku moja kabla ya ukaguzi, Mbunifu aliniita upande wa bafu nikwangue gundi kwenye vioo. Ilinichukua mpaka alasiri. Nilipotoka, wifi alikuwa amekwisha kuchanganya na kupaka, na ukuta ulikuwa umelowa. Chokaa mbichi haikuambii kitu, inaonekana kama maji machafu tu, rangi inakuja ikikauka. Usiku huo sikupata usingizi wa maana. Na asubuhi ndiyo hiyo niliyoieleza.

"Wifi," nikasema, "lete jino."

Alitoa kiberiti, akalishika jino kwa vidole viwili, akalibandika ukutani. Kwangu mimi jino lilijitokeza kama lilivyo, jeupe juu ya buluu. Yeye alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa chokaa. Mwanga wa madirisha ya paa ulikuwa umeshaanza kuingia, na akakinga jicho kwa kiganja.

"Sawasawa," akasema. "Huoni?"

"Wifi, ukuta huu ni wa buluu."

"Wewe na macho yako ya kuazima."

"Ni wa buluu, wifi. Naapa."

Aligeuka. Alinitazama kwa muda, na nikaona jinsi anavyolitafuta lengo langu. "Unataka nini?" akauliza. "Unataka wakupe kazi wewe? Sema. Miaka kumi na minane nimekufundisha, leo ndiyo siku ya kuniaibisha?"

Hapo maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilifungua mkoba, nikatoa kitambaa, nikatoa kopo, nikaliweka sakafuni kati yetu. Hakuhitaji kuuliza ni nini, anaujua udongo wa manjano kwa harufu.

"La nini hili?"

"La kurekebisha."

"Kurekebisha nini?"

"Ndoo zako."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chini mtaani gari lilikuwa linashusha mbao, tukalisikia mpaka likamaliza.

"Tangu lini?"

"Tangu kwa mwalimu mkuu."

"Kila ndoo?"

"Kila ndoo nyeupe."

Mikono yake ilikuwa magotini, ina mipasuko ya chokaa ya miaka thelathini. Nilitamani anitukane, ningepumua. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua, "Na sebule yangu, ni nani aliirekebisha?"

Niliinama nikaanza kufungua mfuniko wa kopo, na mfuniko ulikataa kufunguka. Alilichukua kopo akalifungua yeye.

"Saa ngapi sasa?" akasema.

"Saa moja na nusu inakaribia."

"Nilitia vidonge vitano na nusu. Ndoo mbili." Akasimama. "Tunapaka juu yake mkono mmoja mpya, mwepesi, wenye manjano ndani. Ukiwa mzito hautakauka. Changanya wewe. Mimi nitapaka."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikoroga, nikapaka kigae, nikakimbia nacho hadi dirishani penye jua, nikapuliza, nikarudi kutia udongo kwa ncha ya kisu. Mara mbili kigae kilikauka na rangi ya maziwa yaliyochacha. Alisimama pembeni na brashi, hakukitazama kigae hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi usoni. Mara ya tatu nadhani aliona kitu huko, kwa sababu alichukua ndoo kabla sijasema.

Kupaka chokaa mita kumi na mbili bila kuacha alama ya maungio ni kazi ambayo mimi siiwezi. Ukisimama kupumua, pale uliposimama panakauka, na ukiendelea alama inabaki milele. Wifi alianza kwenye pembe ya juu na hakusimama. Brashi ilikwenda kulia na kushoto kwa msalaba, anashuka ngazi, mimi naisukuma ngazi, anapanda tena kwa kupapasa kidato. Nilimshika kiuno kila alipopanda, na hakunikataza. Kuhusu nilichomfanyia hatukuzungumza. Maneno yalikuwa "sogeza," "maji," "shika hapo."

Saa tatu na robo tulimaliza, na ukuta ulikuwa wa kijivu chenye mabaka. Chini yake buluu ilikuwa inachungulia kila mahali.

Mbunifu aliingia saa nne akiwa na maua mkononi. Aliuona ukuta, maua yakashuka mpaka gotini.

"Mmefanya nini?" akauliza. "Jamani, mmefanya nini? Nimemwambia aje saa tano. Mama, mimi nitamwaga unga leo."

"Unakauka," wifi akamwambia. "Tulia."

"Unakauka uwe nini?"

Wifi hakujua. Ni mimi niliyejua, au niliyedhani najua.

Daktari wa meno alifika saa nne na nusu. Watu wa namna yake huwahi. Alivua miwani ya jua, akazunguka chumba bila haraka, akagusa meza ya jikoni, akasoma namba kwenye nguzo. Kisha akasimama mbele ya ukuta, na hapo sehemu ya juu, chini ya madirisha ya paa, ilikuwa imeanza kupauka. Kuanzia usawa wa kichwa kushuka chini bado ilikuwa matope.

"Haujakauka," akasema.

"Bado kidogo," Mbunifu akasema, na sauti yake ikapanda.

"Basi nitasubiri." Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akakaa na suruali yake nzuri. Mbunifu naye akakaa kwenye ngazi ya chuma, mimi kwenye gunia la chokaa. Wifi peke yake alibaki wima. Tuliutazama ukuta wanawake wanne. Jua lilikuwa linashuka ukutani taratibu na weupe ukilifuata nyuma. Kuna mahali pamoja, karibu na nguzo ya tatu, palikataa. Niliona buluu pale, nikafumba macho, nikahesabu mpaka mia, nikafumbua. Palikuwa panapauka.

Hatimaye daktari alinyanyuka. Alitoa mkobani kibao cha plastiki chenye meno kumi na sita, kila moja nyeupe yake, akalichomoa moja na kulibandika ukutani. Akasogea hatua mbili, akalibandika tena. Akapiga magoti akajaribu chini. Ilichukua muda mrefu.

"Ndiyo hii," akasema. Mbunifu aliweka kichwa kwenye magoti yake. "Nani amechanganya?"

"Si nilikuambia?" Mbunifu akadakia, sasa anacheka. "Jicho. Mwenyewe huyo."

Daktari alimgeukia wifi na kunyoosha mkono ampongeze. Nami kwa nafsi yangu nilikuwa nimeshakubali iwe hivyo. Kazi imepona, jina limepona, mengine tutazungumza nyumbani.

"Si mimi," wifi akasema. "Ni wifi yangu huyu. Mimi nilipiga brashi tu. Jana nilichanganya mwenyewe, ukawa wa buluu, na sikuona. Mpaka sasa sioni. Jana na leo kwangu ni rangi moja."

Mbunifu aliacha kucheka. Daktari alimshika wifi begani akampeleka dirishani, akamgeuza uso kwenye mwanga, akainua kope kwa kidole gumba. "Mimi ni wa meno," akasema, "lakini hili hata mimi naliona. Una mtoto wa jicho, mama. Yote mawili. Kwa ugonjwa huu vitu vyeupe huonekana vya manjano. Unaona ukungu? Mwanga unakuchoma?" Wifi akaitikia kwa kichwa. "Wanalitoa. Umechelewa, ila wanalitoa. Jumatatu nenda, nitakuandikia jina la mwenzangu." Akaandika kwenye karatasi ya Mbunifu. Halafu akanigeukia mimi na kusema anataka bafu nalo liwe nyeupe hiyohiyo. Sikuweza kufurahi.

Tulirudi nyumbani kwa wifi mchana, kwa miguu, tumebeba brashi. Njia nzima alikuwa mbele yangu. Nilimwambia, "Nisamehe, wifi." Akasema, "Tazama gari," tukavuka.

Mumewe alikuwa kwenye kochi na redio. Pilipili alikuwa amelala kifudifudi sakafuni anachora. Wifi hakutua mzigo. Alipita moja kwa moja mpaka ukutani, akaweka kiganja juu yake, akamwita mtoto.

"Pilipili. Ukuta huu rangi gani?"

"Nyeupe," mtoto akasema bila kuinua kichwa.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi."

Mumewe alipunguza redio. Wifi alipiga magoti, taratibu, akishikilia ukuta, mpaka akawa sawa na mtoto.

"Bibi alikosea," akasema. "Ukuta huu ni wa buluu. Mwalimu wako alisema kweli. Jumatatu umwambie ni buluu."

Pilipili aliutazama ukuta, akamtazama bibi yake. "Wewe unaona buluu?"

"Mimi naona nyeupe," wifi akasema. "Wewe sema buluu."

"Buluu," mtoto akasema kwa kusitasita, kama anayeogopa kugombezwa.

Wifi alibaki pale magotini, kiganja ukutani, ametupa mgongo sisi sote.

"Wifi," akaniita. "Buluu kiasi gani?"

Nikamtazama mumewe. Akainamisha uso. Nikaenda nikapiga magoti kando yake, nikamweleza.